Dokta Remmy na Haki ya Mnyonge

Abiria anayepanda daladala Kinyerezi, akapita Tabata na Ubungo na kuingia Sinza, hufika mahali ambapo kondakta hupaza sauti na kutaja jina la mtu: kwa Remmy. Wanaoshuka hapo wengi ni vijana, na baadhi yao walikuwa hawajazaliwa mwenye jina alipokuwa akijaza kumbi. Jina hilo halikuanzia katika karatasi za serikali. Lilitoka vinywani mwa watu walioishi jirani na mwanamuziki mmoja, nao wakaona kuwa hakuna namna nyepesi zaidi ya kuelekeza mgeni kuliko kumwambia ashukie kwake. Mitaa ya Dar es Salaam imejaa majina ya viongozi na wapigania uhuru, waliopewa heshima hiyo kwa kalamu. Mwimbaji huyu aliipewa kwa ulimi, na penye wasemaji wengi ulimi nao ni aina ya muhuri.

Huyo ndiye Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye Afrika Mashariki nzima ilimjua kwa jina la Dokta Remmy. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, katika jimbo la Maniema, mashariki ya Kongo, na akafariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Katikati ya tarehe hizo mbili yamo maisha ya watu kadhaa ndani ya mwili mmoja: yatima, mpiga gitaa wa kuajiriwa, kiongozi wa bendi, msemaji wa maskini, mgeni wa majukwaa ya Ulaya, na mwisho mwimbaji wa Injili. Wapo waliompenda katika sura moja wakamkana katika nyingine. Swali linalostahili kuulizwa na wapenzi wa ushairi ni kama sura hizo zote zilikuwa na roho moja.

Habari za kuzaliwa kwake, kama alivyozisimulia mwenyewe, zinafanana na hekaya. Mama yake alikuwa amekwisha kuzika watoto. Alipopata mimba nyingine alikwenda kwa mganga, naye akamwonya asijifungulie hospitali, na kwamba mtoto akiishi asinyolewe nywele. Mtoto akaja akiwa na meno mawili tayari, ishara ambayo wenyeji waliifasiri kuwa ni ya uganga. Ndipo lilipochipukia jina la Dokta. Msomaji yu huru kuamini au kutoamini, lakini mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba aliponea chupuchupu kwenye mlango wa kaburi hawezi kukiona kifo kama jambo la mbali. Nyimbo zake zilizowaliza watu kuliko zote ni nyimbo za kifo.

Kindu yenyewe inadai maelezo kidogo, hasa kwa wasomaji wa visiwani. Maniema ndiko kulikofikiwa na misafara ya pwani katika karne ya 19, misafara ya pembe na ya watumwa. Miongoni mwa waliotawala njia zile alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, ambaye kaburi lake liko Mji Mkongwe, Unguja, na ambaye habari za maisha yake zilizoandikwa kwa Kiswahili ni miongoni mwa nathari za kale za lugha yetu. Kiswahili kilifika Nyangwe, Kasongo na Kindu pamoja na bunduki za misafara hiyo. Waliokipokea kwa hofu wakakifanya chao, wakakipa lafudhi yao na sarufi yao, kikawa lugha ya soko, ya mto na ya mapenzi. Basi Remmy alipofika Dar es Salaam mwaka 1978 na Kiswahili chake cha Kongo, kwa namna fulani lugha ilikuwa ikirejea pwani baada ya miaka mia moja. Ilikwenda bara begani mwa mpagazi, ikarudi na gitaa. Wapo waliokicheka Kiswahili kile kwa kutozingatia ngeli. Lakini lugha iliyotendewa dhuluma na bado ikajifunza kuimba si ya kuchekwa.

Baba yake alikuwa mtu wa muziki, naye alifariki mwaka 1953, Remmy akiwa na miaka sita. Mama alifuata mwaka 1964. Shule ilikuwa imekwisha kukatika kwa kukosa wa kuilipia, na wadogo zake wakawa mzigo wake. Gitaa alijifunza mwenyewe, akalifanya jembe. Alizunguka na bendi za mashariki ya Kongo katika miaka ambayo nchi ile ilikuwa ikiungua kwa vita na kubadilishwa majina, hata alipoitwa na mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi yake Dar es Salaam. Orchestra Makassy ilikuwa miongoni mwa bendi za Wakongo zilizopata makao katika jiji hilo, pamoja na Maquis du Zaire. Zilikutana hapo na wenyeji waliokuwa mabingwa tayari: Msondo, Sikinde, Vijana Jazz. Dansi la miaka ile lilizaliwa kutokana na mchanganyiko huo, rumba ya Kinshasa ikifunzwa adabu za Kiswahili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Makassy aliihamishia bendi Nairobi. Remmy alibaki, akajiunga na Orchestra Matimila, na baadaye, alipopata kuwa na usemi juu ya vyombo, bendi ikaitwa Super Matimila. Msomaji asiyejua mambo ya dansi huenda asione uzito wa neno hilo, vyombo. Katika mfumo wa siku zile mwanamuziki hakuwa na gitaa lake. Magitaa, vipaza sauti, dramu na tumba vilikuwa mali ya tajiri, ya jumuiya au ya shirika, na mpigaji aliajiriwa kama vile dereva anavyoajiriwa kwenye basi la mtu. Mwenye vyombo akikasirika, bendi imekufa. Kwa hiyo mwanamuziki aliyepata kusimama juu ya vyombo vyake alikuwa amepata kwanza uhuru wa kusema.

Na Remmy alikuwa na la kusema. Miaka ile ilikuwa migumu. Vita vya Uganda vilikuwa vimekausha hazina, sabuni na unga vilipatikana kwa foleni, na mwaka 1983 ikaja kampeni ya Nguvu Kazi, ambayo kwayo watu wasio na ajira waliokotwa mijini na kupelekwa mashambani. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limelitia neno unyonge katika midomo ya taifa zima, likiahidi kuuondoa. Mnyonge alikuwa ametajwa sana katika hotuba. Remmy alifanya jambo dogo lenye athari kubwa: alimchukua mnyonge kutoka katika hotuba akamrudisha katika nafsi ya kwanza. Mnyonge hakutajwa tena na mkubwa. Alianza kusema mwenyewe.

Tazama majina ya nyimbo zake, kwani majina peke yake yanatosha kuonyesha kazi ya mtunzi. Wahenga wanasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Remmy aliuita wimbo wake "Mnyonge Hana Haki". Hakuubeza msemo. Aliukagua mtaani akakuta haufanyi kazi, akauandika upya kwa maneno matatu. Wimbo mwingine ni "Sauti ya Mnyonge". Mwingine ni "Kipenda Roho", ambao kila mtu wa pwani anaumaliza kwa nyama mbichi bila kufikiri. Mwingine ni "Ndumila Kuwili", mwingine "Tembea Ujionee". Mtunzi huyu ambaye lugha yake ilichekwa alikuwa amejenga nyumba yake juu ya msingi uleule unaojengewa na washairi wa Mombasa na Unguja, yaani methali. Tofauti ni kwamba yeye aliitendea methali kama mtu anayejaribu sarafu kwa meno kabla ya kuipokea.

Je, huyu ni mshairi? Katika kurasa za namna hii swali hilo halikwepeki. Mwenye kushika mizani kumi na sita na vina vya kati na vya mwisho atasema hapana, na kwa kipimo chake atakuwa amesema kweli. Nyimbo za Remmy hazina vina vya kudumu. Mistari yake hurefuka na kufupika kama maneno ya mtu anayelalamika barazani. Mara nyingi haimbi, husema. Huhubiri juu ya magitaa matatu yanayosukana chini yake, hurudia neno moja hata likachoka likapata maana nyingine, na wimbo huweza kwenda dakika saba au nane kabla magitaa hayajachukua usukani na watu kuanza kucheza. Kwa msomaji wa diwani huo ni ulegevu. Lakini kwa aliyesimama ukumbini, mizani ilikuwapo, ila ilishikwa na gitaa la besi. Ulimi ulikuwa huru kwa sababu miguu ilikuwa imefungwa na mapigo. Muyaka bin Haji angeyakataa mashairi yake. Huenda, hata hivyo, angemtambua kwa jambo moja: kwamba naye alitunga kwa ajili ya mji wake, juu ya mambo ya mji wake, na mji ukamjibu.

Pengine ndugu yake wa karibu zaidi katika historia yetu si mwanamume wala si wa dansi. Ni Siti binti Saad, binti wa Fumba, aliyezaliwa mnyonge, aliyeingia mjini akiuza vyungu na kuishia kuimba mbele ya masultani, na ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Siti naye aliimba habari za mtaani, za wadhulumiwa na za hukumu zilizopinda, na watu wakazikumbuka kesi kwa sababu ya wimbo hata pale mahakama ilipokwisha kuzisahau. Kutoka Fumba hadi Bombay, kutoka Kindu hadi Ulaya, njia ni moja: sauti iliyodharauliwa nyumbani kwa sababu ya asili yake ikathibitishwa ng'ambo, kisha nyumbani wakasema ni yetu.

Mtihani mkubwa wa Remmy ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa wimbo uitwao "Mambo kwa Soksi". Ukimwi ulikuwa umetambuliwa Tanzania tangu mwaka 1983, kwa wagonjwa wa Kagera. Kwa miaka kadhaa watu walizika vijana na kunong'ona sababu. Hakuna aliyetaka kulitamka jambo lenyewe, wala kinga yake. Mwanamuziki wa dansi, ambaye kazi yake ni ya usiku na ambaye huona nani anaondoka na nani, alikuwa na sababu zote za kujua kilichokuwa kikitokea. Remmy akatunga wimbo wa kuwahimiza wanaume wavae soksi. Kila mtu alielewa kuwa soksi hiyo si ya mguuni.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilikataa kuupiga. Ili kuelewa maana ya kukataa huko yafaa kukumbuka kwamba wakati ule hapakuwa na redio nyingine nchini upande wa bara. Vituo vya binafsi viliruhusiwa kwa sheria ya 1993, na Radio One ikaanza kusikika mwaka 1994. Studio za Barabara ya Pugu ndizo zilizorekodi nyimbo, ndizo zilizozihifadhi, na ndizo zilizoamua taifa lisikie nini. Wimbo usiopigwa hapo ulihesabiwa kuwa haukuzaliwa. Huu hata hivyo ulizaliwa. Ulitoka kwa njia ya kanda, ukasikika kwenye baa, kwenye magari na madukani, na ukajulikana kuliko nyingi zilizopigwa redioni kila siku.

Hapa mtu wa visiwani ana haki ya kutabasamu kidogo. Taarabu imeishi miaka mingi kwa mafumbo ya chumbani. Tumesikia habari za embe, za waridi, za chombo na bandari, za kinu na mchi, na hakuna aliyeziba masikio ya watoto, kwa kuwa fumbo ni pazia na kila mwenye adabu hulikubali pazia. Soksi ni fumbo kama embe. Kwa nini basi embe lipigwe na soksi ikataliwe? Jibu, ukilitafakari, haliko katika adabu. Embe huficha starehe, na starehe iliyofichwa haimsumbui mtu. Soksi ilificha mauti. Aliyelifunua fumbo lile alikutana na kaburi la ndugu yake, na hicho ndicho kilichowatisha wenye mamlaka wakakipa jina la maadili. Ushairi wa mafumbo mara nyingi husifiwa kwa uzuri wake. Remmy aliutumia kwa kazi nyingine, kuokoa watu, na ukamletea adhabu.

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, mtoto mwingine wa ukanda huu alikuwa akifa kwa ugonjwa uleule. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, chini ya mwaka mmoja kabla ya Remmy. Wazazi wake walikuwa Waparsi. Alipelekwa shule India, akarudi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza, ambako dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury wa kundi la Queen. Naye alikuwa mtu wa sura nyingi: mpiga piano, mtunzi wa "Bohemian Rhapsody" ya 1975, mwimbaji wa roki aliyediriki kwenda Uhispania akaimba na Montserrat Caballé, mwanamke wa opera, na kutoa naye albamu mwaka 1988. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kuwa ana Ukimwi. Kesho yake akafariki. Mwaka 1964 uliomfanya Bulsara mhamaji ndio uliomfanya Remmy yatima kamili. Mmoja alikwenda London akawa Mwingereza wa muziki wa roki. Mwenzake akaja Dar es Salaam akawa Mswahili wa dansi. Mmoja aliyanyamazia maradhi hadi siku ya mwisho, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo, kwani mwili ni wa mwenyewe. Mwenzake aliyapigia kelele wakati nchi nzima ikinong'ona. Mtu akitaka kupima ujasiri wa "Mambo kwa Soksi", na akumbuke kwamba hata katika mji tajiri kama London, penye madaktari na magazeti, neno lile lilikuwa zito ulimini.

Uingereza ilikuwa imekwisha kuingia katika maisha ya Remmy kwa njia nyingine. Rafiki mmoja aliyekuwa akirejea kwao alichukua kanda ya Super Matimila, ikawafikia watayarishaji wa tamasha la WOMAD. Tamasha hilo lilikuwa tunda la Peter Gabriel, Mwingereza aliyekuwa mwimbaji wa kundi la roki la Genesis hadi mwaka 1975, akaliacha likiwa linapanda, akajitafutia njia peke yake, na baadaye akageuza masikio yake kuelekea Afrika na Asia. WOMAD ya kwanza, mwaka 1982, ilimtia katika madeni makubwa kiasi kwamba wenzake wa zamani wa Genesis waliungana naye kwa onyesho moja ili kumnasua. Mwaka 1988 Remmy na bendi yake walialikwa kuzunguka na WOMAD. Mwaka huo ikatoka "Nalilia Mwana", mkusanyiko wa nyimbo zilizokuwa zimekwisha kujulikana nyumbani. Mwaka 1989 Gabriel alipoanzisha lebo ya Real World, mojawapo ya albamu zake za mwanzo kabisa ilikuwa ya Super Matimila, "Songs for the Poor Man". Mwaka 1992 ikafuata "Mambo".

Studio za Real World ziko katika kijiji cha Box, karibu na mji wa Bath, mahali pa maji na miti. Ni rahisi kuipamba habari hii kwa furaha tupu: maskini wa Kindu akiimba wimbo wa maskini kwenye studio bora za Ulaya. Furaha ilikuwapo, na haki ilikuwamo. Kwa mara ya kwanza magitaa ya Matimila yalisikika kila moja mahali pake, na jina la mtunzi likaandikwa pale jina la mtunzi linapostahili kuandikwa. Lakini kulikuwa na kitendawili ndani yake. Huko Ulaya watu walicheza wimbo wa kilio wasijue ni kilio. Nguvu ya Remmy ilikuwa katika maneno, na maneno yalikuwa yakianguka chini kabla ya kuwafikia wasikilizaji. Ndiyo maana katika albamu ya pili alijaribu Kiingereza, akaimba habari za dunia moja na za kukosa fedha kwa lugha ya wenye fedha. Mfasiri yeyote anaijua tamaa hiyo na anaijua hasara yake. Kwa Kiingereza Remmy ni mtu mwema mwenye sauti nzuri. Kwa Kiswahili ni hatari.

Na alirudi nyumbani. Hilo halisemwi vya kutosha. Wanamuziki wengi wa Kiafrika walioonja Ulaya katika miaka ile walibaki Paris, Brussels au London, na hakuna ubaya, maana riziki hufuatwa. Remmy, aliyekuwa na mke Mwingereza na mlango ulio wazi, aliendelea kuishi Sinza na kupiga katika kumbi za vitongoji ambako kiingilio kilikuwa cha mtu wa kawaida. Nywele zake ndefu zilizosokotana, mwili wake mkubwa, na jina la Sura Mbaya alilojipa mwenyewe kwa mzaha vikawa sehemu ya mandhari ya jiji. Mtu anayejiita sura mbaya amewanyang'anya adui zake tusi la kwanza. Hata alipoimba kumsifu mwanasiasa, kama alivyomsifu Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alimsifu kwa sababu wanyonge wa wakati ule walimwona kuwa mtetezi wao. Sifa hiyo ilikuwa na upande wa pili, kwani kumsifu waziri mmoja kwa kuwasikiliza wanyonge ni kuwauliza wenzake wanafanya nini.

Kisha mwili ukadai chake. Alikuwa na kisukari, na kiharusi kilimpata mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikamwacha akitembea kwa shida. Mtu aliyeitawala jukwaa kwa kifua na mikono akawa anahitaji mkono wa mwingine kusimama. Ndipo alipofanya lile lililowashangaza wapenzi wake kuliko yote: aliokoka, akaacha dansi, akazinyoa nywele zake, akaanza kuimba nyimbo za Injili. Hakuwa wa kwanza. Cosmas Chidumule, mmojawapo wa sauti kuu za Sikinde ambaye pia alipita Matimila, alikuwa amekwisha kuishika njia hiyo. Lakini Chidumule hakuwa ameimba soksi.

Hukumu zikatolewa haraka. Wengine walisema ameogopa kufa. Wengine walisema amewasaliti maskini akawaachia ahadi za mbinguni. Wacha Mungu wengine, kwa upande wao, walisema afadhali, na wakatamani nyimbo zake za zamani zisahauliwe. Pande zote zilikubaliana katika kosa moja, kudhani kwamba Remmy mpya alikuwa mtu mwingine. Anayezisikiliza upya nyimbo zake za awali atakuta Mungu ametajwa humo tangu zamani. "Nalilia Mwana" ni dua ya mtu asiyejaliwa mtoto. "Siku ya Kufa" ni maombolezo. "Kifo" ni mabishano na mgeni asiyekaribishwa, na mtu habishani hivyo na kitu asichokiamini. Mtoto aliyezaliwa kwa nadhiri, akanyimwa wembe kwa agizo la mganga, hakuanza dini uzeeni. Kilichobadilika ni mahali alipopeleka mashtaka. Alikuwa ameyapeleka kwa wakubwa wa dunia kwa miaka ishirini, na majibu yao anayajua kila mnyonge. Akayapeleka ngazi ya juu zaidi.

Hata hivyo hasara ilikuwapo, na kuificha hakumsaidii marehemu. Injili yake ilipata wasikilizaji, lakini ilikosa ule ubishi uliokuwa chumvi yake. Aliyekuwa akiuliza alianza kujibu. Mshairi anayepata jibu hupata amani; shairi lenyewe aghalabu hupungukiwa. Tumshukuru Mungu kwa amani yake, tukibaki na haki ya kuyapenda zaidi mashairi ya wasiwasi wake.

Lipo jambo la mwisho, nalo linahusu haki kwa maana yake ya kawaida kabisa, ile ya fedha. Nyimbo zilizorekodiwa Barabara ya Pugu zilipigwa kwa miongo bila watunzi kuona senti ya maana. Kanda zilidurufiwa hadharani, zikauzwa barabarani, na mtunzi akazipita akisikia sauti yake mwenyewe ikinadiwa. Tanzania ilipata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, miaka ishirini na mmoja baada ya Remmy kuingia Dar es Salaam na miaka kumi baada ya Box. Wengi wa rika lake hawakuishi kuona matunda yake. Marijani Rajabu alikuwa amekwisha kufa mwaka 1995. Ikiwa leo kijana wa Kinyerezi anaweza kurekodi chumbani kwake na wimbo wake ukamlipa, na atambue kwamba kabla yake walikuwapo waliolima shamba hilo bila kuvuna.

Remmy alizikwa Sinza, si mbali na pale alipoishi. Aliyezaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akaimba nyimbo za kurudi nyumbani, alikuwa amekwisha kulipata nyumba bila kuambiwa. Wasomi bado wataulizana kama utunzi wake ni ushairi au ni maneno tu yaliyopandishwa juu ya gitaa. Mabishano hayo yana faida, na yaendelee. Lakini siku itakapoandikwa historia ya Kiswahili cha karne ya 20, na mwandishi akataka kujua mnyonge alisema nini wakati alipokuwa akisemewa na kila mtu, hatakuta jibu kamili katika hotuba, na katika diwani atalikuta kwa nadra. Atalazimika kutafuta kanda ya Matimila, aisikilize hadi mwisho, avumilie ngeli zilizopotoka na mistari isiyo na vina, na ayaandike maneno yale kwa uangalifu uleule anaotumia kunakili utenzi wa kale. Kazi hiyo haijafanywa kikamilifu. Ni deni, na mnyonge, hata akiwa amekufa, haki yake apewe.